Shangazi, sindano yako imevunjika

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nakubusu mkono. Barua hii naiweka hapa mbele za watu kwa sababu najua mwanao ndiye anayekusomea, na nikiituma kwenye simu yake ataruka nusu yake. Hapa wapo watakaomsuta.

Nianze na kosa. Ile sindano uliyoichomeka kwenye kofia siku ninaondoka, ukasema mwanamume asiyejua kushona kifungo ni mzigo, imevunjika. Uliponiuliza nikajibu ipo. Ipo kweli, ila vipande viwili. Koti la baridi la huku Kobe, Japani, ni zito kama godoro. Kifungo kilikatika katikati ya Desemba, nami nikailazimisha sindano ya kofia za viua kupita kwenye nguo isiyo saizi yake. Ikalia kak.

Nilikuwa nashuka na vile vipande kwenda kuvitupa nilipokutana na bibi wa ghorofa ya chini. Huyu alikuwa fundi wa kimono maisha yake yote, vidole vyake vimepinda kama vyako. Akanishika mkono. Sindano haitupwi, akasema, ina siku yake ya kupumzishwa. Siku hiyo wanaiita Hari-kuyo. Tokyo huifanya Februari 8. Upande wetu huku, Kyoto na jirani zake, wengi huifanya Desemba 8, na hiyo ilikuwa imeshapita, lakini kuna hekalu moja Kyoto linaifanya siku zote mbili. Kwa hiyo ingoje, akaniambia. Nikatia vipande ndani ya ganda la kibiriti, nikangoja karibu miezi miwili, na katika kungoja huko ndipo nilipoyaona majira ya baridi ya Wajapani siku baada ya siku, kama mtu anayehesabu kuelekea Idi.

Desemba 21 ilikuwa Toji, siku yenye mchana mfupi kuliko zote. Hapa Kobe jua lilikuwa limekwenda kabla ya saa 11 jioni. Usiku huo watu huoga maji ya moto yaliyoelea matunda ya yuzu, jamii ya malimau, ya njano, ngozi yake imejaa vinundu, harufu yake inajaza nyumba. Wanasema ukiyaoga hushikwi na mafua. Wengi huenda kwenye bafu la umma, ambako kila mtu yu uchi, na habari za huko usinitarajie. Nilinunua yuzu mbili dukani nikaoga kwangu. Wewe mtu wa Makunduchi hutashangaa, kwenu mwaka wenyewe unakogwa.

Siku hiyo pia huliwa boga. Dogo, kijani nje, ndani kavu kama kiazi, wanalichemsha kwa sukari na mchuzi wa soya. Nilikula kwa adabu. Boga bila tui, Shangazi, lina upweke wake.

Mwisho wa Desemba ni usafi. Kila nyumba, kila ofisi, hata profesa wetu alipanda kiti na kitambaa akafuta juu ya makabati. Usiku wa tarehe 31 wanakula tambi ndefu nyembamba za soba, ili umri uwe mrefu kama zilivyo, na zinakatika kwa urahisi ili balaa za mwaka uliopita nazo zikatike. Kisha mahekalu yanagonga kengele mara 108, kwa idadi ya tamaa zinazomsumbua binadamu kwa hesabu ya Kibuda. Mahali pengi hugonga 107 kabla ya saa 6 usiku na ya mwisho mwaka ukishaingia. Nilihesabu kitandani, nikalala kwenye sitini na kitu, kwa hiyo tamaa nyingine bado ninazo.

Sasa aibu yangu. Asubuhi ya Januari 1 nilimkuta bibi wa chini mlangoni, nikamwinamia na ile salamu ya mwaka mpya niliyoifanyia mazoezi wiki nzima, ile ya kupongezana. Akanyamaza kidogo, akainama, akasema tu kwamba mwaka huu tena anaomba wema wangu. Baadaye mwenzangu wa darasani akanifafanulia. Mumewe bibi alifariki Oktoba. Aliyefiwa hapongezwi kwa mwaka mpya wala hapongezi. Kadi zile za Januari ambazo posta huzipeleka nyumba kwa nyumba siku moja hazitumi. Badala yake, kabla Desemba haijaisha, hutuma kadi ya kuwaarifu watu kuwa yuko msibani, ili nao wasimwandikie. Mlangoni pake hapakuwa na kamba ya majani ya mpunga wala mianzi na misonobari kama milango mingine, na mimi nilipita hapo kila siku. Wewe ungeona mara moja.

Nilipokwenda kumwomba radhi alinipa machungwa sita.

Kadi zenyewe zina kichekesho chake. Nje ni karibu sifuri, kadi inakaribisha majira ya kuchipua. Ni kwa sababu zamani mwaka wao ulifuata mwezi na jua pamoja, ukaingia karibu na Februari, mpaka serikali ya mfalme wao Meiji ilipohamia kalenda ya Ulaya mwaka 1873. Tarehe zikahama, maneno yakabaki pale pale. Sisi tuna Muharram, tuna Januari, na ninyi wa Makunduchi mna Nairuzi yenu ya Julai, na hakuna aliyelazimika kuhamisha chochote.

Januari 17 niliamka saa 10 alfajiri. Ilikuwa 2025, miaka 30 kamili tangu tetemeko la 1995, lililoupiga mji huu saa 11 na dakika 46 alfajiri. Walikufa watu 6,434. Mtaa wa Nagata, wa mafundi wa viatu, uliteketea kwa moto. Watu hukusanyika kwenye bustani ya Higashi Yuenchi, karibu na ofisi za jiji, na kupanga taa za vipande vya mianzi mpaka zinaandika tarehe, 1.17. Dakika ile ikifika wanainamisha vichwa. Shangazi, umati wote ule na nilisikia nta ikichuruzika. Mzee mmoja pembeni yangu aliendelea kuwasha taa moja iliyozimwa na upepo, mara tatu, mara nne, mpaka ikashika. Bibi wa chini nilimwona kwa mbali, nikaona nisimfuate.

Kutoka hapo nilikwenda msikitini. Msikiti wa Kobe ndio wa kwanza kujengwa Japani, 1935. Mabomu ya 1945 yaliuchoma mji ukabaki umesimama, na 1995 ukasimama tena. Nilikaa kwenye zulia mpaka vidole vya miguu vikarudi kuwa vyangu.

Setsubun nitaipitia haraka. Ni siku ya kufunga baridi, kwa kawaida Februari 3, ila mwaka 2025 iliangukia tarehe 2 kwa sababu ya hesabu za jua. Wanarusha soya zilizokaangwa wakipiga kelele: mashetani nje, baraka ndani! Kisha unakula punje kwa idadi ya miaka yako. Ningependa kukuona ukiyafukuza mashetani kwa kunde. Kuna pia mkate mrefu wa wali uliofungwa kwa mwani, unaotakiwa kuula mzima, kimya, umeelekea upande wa bahati. Ni desturi ya Osaka ambayo maduka yameieneza nchi nzima kwa sababu inauza. Mwaka huo upande wa bahati ulikuwa magharibi, kusini kidogo. Kibla ya hapa ni magharibi, kaskazini kidogo. Nikala nimekaa katikati.

Februari 8 ikawa Jumamosi. Tukapanda treni, mimi na bibi, mpaka Arashiyama, tukavuka daraja la Togetsukyo huku mto ukituma baridi ya kisu, tukapanda ngazi za mawe hadi hekalu la Horin-ji, lile la Kyoto lenye siku zote mbili. Ndani, mbele ya madhabahu, waliweka vipande vikubwa vya konnyaku, chakula cha kijivu kinachotikisika, kilichotengenezwa kwa kiazi fulani. Watu wanapanga foleni kuchoma sindano humo, sindano ndefu zenye nyuzi za rangi. Sindano imetoboa vitu vigumu maisha yake yote, bibi akanieleza, basi siku ya mwisho inapewa kitu laini cha kulalia. Akachoma yake. Akasimama pale muda mrefu kuliko wengine wote, na nadhani hakuwa anaongea na sindano.

Ikafika zamu yangu. Usiwe na wasiwasi, sikusujudu wala sikuinama. Nilikuwa nimeshika kibiriti mfukoni, nikatoka kwenye mstari nikasimama nyuma. Sababu moja ilikuwa dini. Nyingine ni kwamba sindano ni yako, na wewe ndiye uliyeitoboesha kofia ya babu na ya harusi ya kaka. Bibi hakuniuliza kitu. Kwenye treni alinipa chungwa.

Kwa hiyo vipande viko juu ya friji. Julai nikijaliwa kuja nitakuja navyo, useme mwenyewe pa kuviweka. Mwanao akimaliza kukusomea, mwambie anitumie namba ya sindano nene zaidi, na uzi mweusi. Kifungo hakijarudi, na baridi ya huku haijaondoka.