Shangazi, usimwonyeshe daktari kinundu kimoja tu

Shikamoo shangazi. Jina silitaji tusije tukasemwa hapo Uyole, ila naandika huku hadharani kwa sababu kwenye simu huwa unanikwepa, nikigusia vinundu tu we unahamia kwenye bei ya viazi.

Mwezi wa saba nilivyokuja na ile baridi nilikuona unavyovua sweta, mkono wa kulia unautoa taratibu huku umeuma meno, afu ukanionyesha kile kinundu cha juu ya kiwiko ukasema ni mafuta tu hakina neno. Kumbe mama anajua mengine, kwamba mapajani vipo, tumboni vipo, na kwenye matako mpaka kukalia kigoda unakaa upande, na siku zote hospitali unaonyesha cha mkononi tu kwa sababu ya aibu. Hapo ndo penye shida.

Uvimbe wa mafuta wa kawaida, ule wanaita lipoma, watu kibao wanao na mara nyingi hauumi, ukiubonyeza unateleza chini ya ngozi basi. Ila kuna ugonjwa wa nadra unaitwa ugonjwa wa Dercum, jina la daktari wa mishipa ya fahamu wa Philadelphia, Francis Xavier Dercum, ndo aliuelezea kwa mara ya kwanza mwaka 1888. Huo mafuta yenyewe yanauma, miezi na miezi, kuna vinundu kama njegere na kuna vya kufika ngumi, na wanaoupata wengi ni wanawake, hasa kati ya miaka 35 na 50, walionenepa kidogo (sijasema kitu shangazi). Uchovu usioisha na usingizi wa kukatika-katika navyo huwa vinaambatana nao.

Na una sehemu zake unazozipenda. Mapaja, matako, tumbo, mgongo, mikono kuanzia begani mpaka kwenye kiwiko. Wengine unawakaa jirani na viungo, kwenye nyonga au kuzunguka magoti hasa upande wa ndani, na hapo nikakumbuka hilo goti lako ambalo kila mtu anasema ni baridi yabisi. Usoni, viganjani na nyayoni ni nadra sana kuvikuta. Afu kuna ambao hawana hata vinundu vya kushika, ni mafuta tu yanauma eneo zima.

Sisemi unao, mimi sio daktari. Ila hakuna kipimo cha damu cha kuuthibitisha, daktari anauliza, anapapasa, anaondoa magonjwa mengine yanayofanana nao, kwahiyo vilipo vinundu ni sehemu ya kipimo chenyewe. Ukimwonyesha kimoja cha mkononi atakwambia lipoma nenda nyumbani, na kwa alichokiona utamlaumu nini sasa?

Ule mpango wa kwenda kuchanjwa na wembe achana nao kabisa. Na kama kuna kinachokua haraka, au kigumu, kimezama ndani, au kimezidi sentimita 5, hicho ukitaje cha kwanza, wakipige altrasaundi, ikibidi wachukue kinyama wakapime, maana hapo wanataka kuhakikisha sio kansa.

Dawa ya kuumaliza huo ugonjwa haijapatikana, huwa wanatuliza maumivu, na kile kinachosumbua zaidi wanaweza kukitoa kwa upasuaji japo kuna wakati vinarudi. Na wale wa kukwambia punguza wali vitaisha wenyewe, kupungua ni kuzuri kwa magoti na presha, ila vinundu na maumivu mara nyingi vinabaki palepale.

Basi fanya hivi. Usiku wa kuamkia siku ya kwenda, oga, jipapase mwili mzima na kila panapouma weka alama kwa peni, kwenye mgongo mwambie mama akusaidie. Vaa dera sio lile gauni la vifungo mia. Ukifika omba daktari wa kike au nesi wa kike awepo chumbani, unaruhusiwa kabisa kuomba. Wakikupa rufaa uende, usije ukaikunja ukaiweka chini ya godoro.

Nauli natuma kesho asubuhi, na tafadhali isiende kwenye kikoba.