Mwanangu, uliza kwanza data zinatoka wapi

Mwanangu mpendwa,

Matangazo ya nafasi za uzamivu uliyonitumia nimeyasoma yote. Kila moja lina maneno "biolojia ya kikokotozi" na "modeli" kwenye kichwa, lakini ndani yake mna kazi tatu zisizofanana. Ukiziomba kwa barua moja utazikosa zote, kwa hiyo tuanzie hapo.

Kazi ya kwanza ni ya modeli za utaratibu. Unachukua yanayojulikana kuhusu seli, enzaimu au ugonjwa, unaandika milinganyo inayosema kila kitu kinaongezeka na kupungua kwa kasi gani, kisha kompyuta inakokotoa kitakachotokea. Kermack na McKendrick walifanya hivyo kwa magonjwa ya mlipuko mwaka 1927, Hodgkin na Huxley kwa umeme wa neva ya ngisi mwaka 1952. Kazi ya pili inaanzia upande wa data: mashine inajifunza kutokana na mifano mingi, bila kuambiwa utaratibu wenyewe. AlphaFold, programu inayotabiri maumbo ya protini, iliyowapatia Demis Hassabis na John Jumper sehemu yao ya Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2024, ni ya ukoo huu, na isingewezekana bila maumbo ya protini yaliyokuwa yakihifadhiwa katika Protein Data Bank tangu 1971. Kazi ya tatu ni kujenga na kutunza programu ambazo wengine watazitumia.

Ili ujue tangazo ni la kazi ipi, fuata vitenzi vyake. Nomino hupambwa, vitenzi mara nyingi husema kweli. Palipoandikwa "kuunda nadharia, kuiga, kukadiria vigezo" (vigezo ni zile namba za kasi ndani ya milinganyo), ni ya kwanza. "Kuchambua, kutabiri, kuainisha" ni ya pili. "Kutunza, kuunganisha, kusaidia watumiaji" ni ya tatu, hata kama kichwa kinasema mtafiti. Hakuna iliyo duni. Ila mtu anayetaka kuandika milinganyo akajikuta miaka mitatu anasafisha majedwali ya jeni, atachoka kabla ya kumaliza.

Sasa jambo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote: kabla hujaipenda nafasi, uliza data zinatoka wapi. Nitakuonyesha sababu kwa modeli ndogo kabisa ya mlipuko, ile ya watu walio hatarini, wanaoambukiza na waliopona. Ina vigezo viwili, kasi ya kuambukiza na kasi ya kupona. Mwanzoni mwa mlipuko idadi ya wagonjwa hukua kwa tofauti kati ya hivyo viwili. Weka 0.5 na 0.25 kwa siku: tofauti ni 0.25, na wagonjwa huongezeka maradufu kila baada ya siku 2.8 hivi. Weka 0.75 na 0.5: tofauti ni ile ile. Weka 0.3 na 0.05: ile ile tena. Anza na mgonjwa 1 kati ya watu milioni 1, chora wiki mbili za kwanza, na mistari mitatu italaliana, usijue upi ni upi. Lakini mgonjwa mmoja huambukiza wastani wa watu 2 katika ya kwanza, 1.5 katika ya pili na 6 katika ya tatu. Ugonjwa ukiachwa uishe wenyewe utakuwa umepita katika asilimia 80 hivi ya watu katika ya kwanza, 58 katika ya pili, na karibu kila mtu katika ya tatu. Kompyuta yenye nguvu kiasi chochote haitakutenganishia hizo tatu. Kinachotakiwa ni kipimo kingine, kwa mfano siku ambazo mgonjwa hukaa akiambukiza.

Hiyo ni modeli ya vigezo viwili. Fikiria sasa modeli ya njia ya ishara ndani ya seli, yaani protini zinazopashana habari kwa zamu, yenye vigezo 30, na maabara ina vipimo vya protini moja katika nyakati 6. Modeli italingana na data vizuri sana, na hiyo haitakuwa na maana yoyote, kwa sababu seti nyingi mno za vigezo zinalingana vilevile. Mwaka 2007 Gutenkunst na wenzake walichunguza modeli 17 za aina hii, na zote zikaonyesha tabia hiyo: mielekeo michache ya vigezo inabanwa na data, mingine inalegea mno.

Kwa hiyo mwulize msimamizi mtarajiwa kama data zipo tayari au "zitakuja". Uliza ni nyakati ngapi zilizopimwa, na kila kipimo kilirudiwa mara ngapi. Na uliza hili hasa: modeli ikisema jaribio fulani ndilo litakaloamua, nani ana uwezo wa kuagiza lifanywe? Kama jibu ni maabara nyingine ya washirika, omba kuzungumza na mtu wa maabara hiyo. Nafasi nyingi za modeli huharibika hapo: mshirika anabadilisha mwelekeo, sampuli zinachelewa, na mkataba unaisha.

Upande wa pili wa swali hilo ni wewe. Wao watataka kuona unachoweza, na cheti hakionyeshi. Beba kazi moja ndogo, yaani programu ya modeli, inayoendeshwa kwa amri moja. Njia nzuri ni kuijenga upya modeli iliyokwisha kuchapishwa, na usidhani ni kazi ya mtoto: mwaka 2021 Tiwari na wenzake walijaribu modeli 455 zilizochapishwa, na karibu nusu hazikutoa matokeo yale yale kwa kufuata maelezo ya makala peke yake. Vigezo vilikosekana, hali za mwanzo hazikutajwa, alama za kujumlisha na kutoa zilikosewa. Ukijenga modeli moja na kuandika kwa uaminifu ulikwama wapi, umekwisha kufanya kazi wanayokuajiria.

Chukua ile ya Hodgkin na Huxley. Ina milinganyo minne tu. Upitishaji wa juu wa umeme kupitia sodiamu ni 120, wa potasiamu 36, wa uvujaji 0.3, zote kwa milisimensi kwa sentimita ya mraba. Uwezo wa utando kutunza chaji ni maikrofaradi 1 kwa sentimita ya mraba. Jotoridi ni nyuzi 6.3 za Selsiasi. Mkondo wa umeme unaouingiza ukiwa sifuri, neva itulie. Ukiwa maikroampea 10 kwa sentimita ya mraba, itoe mapigo mfululizo. Usipoona hivyo kuna kosa, na mahali pa kutafuta panajulikana.

Kwanza, makala ya 1952 inapima volti kama umbali kutoka hali ya utulivu, tena kwa alama iliyogeuzwa, ilhali vitabu vya sasa huweka utulivu karibu na milivolti -65. Ukichanganya mlinganyo wa huku na namba ya kule, kila kitu kinapinduka. Pili, milinganyo miwili ya kasi hutoa sifuri juu ya sifuri: ule wa potasiamu kwenye milivolti -55, ule wa sodiamu kwenye -40. Andika hapo thamani yenyewe, 0.1 kwa ule wa kwanza na 1 kwa wa pili, la sivyo siku moja volti itagonga namba hiyo na grafu yote itakufa.

Tatu ni kikokotozi chenyewe, yaani programu inayotatua milinganyo hatua kwa hatua. Ukitumia solve_ivp ya SciPy, maktaba ya lugha ya Python, bila kuigusa, inachagua njia ya ukokotoaji ya RK45 na kuvumilia kosa la sehemu moja kati ya elfu. Kwa mifumo ambayo sehemu moja inaenda haraka na nyingine polepole, inatambaa. Badilisha uweke njia ya LSODA au BDF, kaza uvumilivu hadi sehemu moja kati ya milioni, uone kama jibu linasogea. Na kuna mtego ambao hautoi hata onyo. Neva ikiwa imetulia, kikokotozi hurefusha hatua zake. Ukiipa mshtuko wa milisekunde 1, hatua inaweza kuuruka wote, na utaandika kwamba neva haikuitikia. Weka max_step, yaani urefu wa juu wa hatua, iwe fupi kuliko mshtuko.

Kazi ikiisha, iweke kwenye Git, programu inayotunza matoleo ya faili, ikiwa na maelezo mafupi, orodha ya maktaba na matoleo yake, leseni, na grafu moja iliyo sahihi. Kama ina bahati nasibu ndani yake, mfano ule ukokotoaji wa Gillespie wa 1977 wa mmenyuko mmoja mmoja wa kemia, andika mbegu uliyoitumia, yaani namba inayoanzisha bahati nasibu hiyo, na onyesha mizunguko mingi, usichague mmoja uliopendeza. Kisha ijaribu kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Hapo ndipo utagundua faili moja ulilisahau.

Barua ya maombi isizidi ukurasa mmoja. Usianze na shauku uliyo nayo tangu utotoni. Wanaosoma wana barua nyingi zenye shauku. Anza na swali la maabara yao, kwa maneno yako, ukionyesha umesoma makala yao mbili za karibuni. Fuatisha ulichofanya, pamoja na kiungo cha kazi. Malizia na kile ungejaribu katika miezi sita ya kwanza, na ukiri data zipi ungehitaji. Wadhamini wako wape wiki tatu kabla, na uwatumie tangazo, wasifu na kazi yako, maana mdhamini asiye na kitu mkononi huandika sifa za jumla.

Kwenye usaili watakuomba uwasilishe kazi yako kwa dakika chache, kisha maswali. Uwe tayari kwa mawili: dhana ipi ikiondolewa modeli yako inaanguka, na kipimo gani kingekuthibitishia kwamba umekosea. Usijilinde hapo. Jibu moja kwa moja, taja dhana, taja kipimo. Ukiulizwa usichojua, sema hujui, kisha eleza ungeanzia wapi kutafuta.

Ukipewa nafasi, kabla ya kusaini: muda wa mkataba na fedha zake vinalingana? Wakati mwingine mradi hubaki na miaka miwili, na uzamivu unahitaji mitatu au minne. Nani atakuwa msimamizi wa pili upande wa majaribio? Msimbo wa programu utatolewa wazi? Jina lako litakaa wapi kwenye makala ikiwa data ni za wengine? Programu nyingi za uzamivu za Marekani hukuzungusha kwenye maabara kadhaa mwaka wa kwanza kabla hujachagua, lakini sehemu kubwa ya Ulaya unaajiriwa kwa mradi mmoja tangu siku ya kwanza, kwa hiyo maswali haya huko yanaulizwa mapema. Nafasi za mitandao ya Marie Skłodowska-Curie, inayofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, zina sharti jingine: usiwe umeishi au kufanya shughuli yako kuu katika nchi inayokuajiri zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya kuajiriwa. Hesabu miezi yako kabla hujapoteza usiku kuandika maombi.

Kati ya yale uliyonitumia, lile la pili na la tano ndiyo ya modeli za utaratibu. La tano halisemi neno hata moja kuhusu majaribio. Mwandikie msimamizi wake leo, aya moja tu, umwulize kuhusu data. Na tazama saa ya mwisho ya maombi ni ya ukanda gani. Rasimu ya barua nitumie ikiwa bado mbichi, nitaisoma usiku huohuo.

Mama yako