Malalamiko kuhusu kapasita bandia za bodi ya pawa ya monita

Meneja Mauzo,
Duka la Vipuri vya Elektroniki,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MFUKO WA KAPASITA 100 ZENYE MAANDISHI YA UONGO

Kapasita mlizotuuzia, yaani vifaa vidogo vya kutunza na kutuliza umeme kwenye bodi ya pawa ya monita, zimeandikwa 1000 µF (ujazo wa umeme), volti 25, nyuzi 105 (joto la juu zinalostahimili). Tumekata moja kwa msumeno wa chuma. Ndani ya kopo la milimita 10 kwa 20 mmefichwa kapasita nyingine ndogo yenye ganda lake la plastiki, imeandikwa 470 µF, volti 16, nyuzi 85. Kumi nyingine mpya za mfuko huohuo zilipopimwa zilisoma kati ya 430 na 460 µF.

Kapasita 36 zilishafungwa kwenye monita 18 za inchi 17, mbili kila moja. Ugonjwa wa monita hizo unajulikana: ukibonyeza swichi, taa inakonyeza mara moja, kisha kimya. Kapasita za upande wa volti ndogo hukaa jirani na bati la kupoza, ute wake hukauka kwa joto, ukinzani wa ndani hupanda, na umeme wa volti 5 hauwi tena tulivu. IC ya pawa (chipu inayoongoza umeme wa monita) hujizima ili kujilinda. Dawa ni kapasita mbili nzima tu, na ndiyo inayomwokoa mwenye monita ya zamani asilazimike kununua mpya.

Hizi zenu zilidumu wiki tano. Monita 11 zimerudi, vichwa vya kapasita vimevimba, ujazo umeshuka hadi 120 µF hivi na ukinzani umepita omu 2, wakati kapasita nzuri ya aina hii haifiki hata omu 0.1.

Mhudumu wenu alijibu kwa simu kwamba bodi zetu zina shoti. Hapana. Fyuzi ni nzima, kapasita kubwa ya 450V, ya upande wa umeme wa ukutani, inasoma volti 322 kama kawaida, dayodi za pato (zinazopitisha umeme upande mmoja) hazina shoti. Tulipofunga kapasita halisi bila kugusa kingine chochote, zote 11 ziliwaka siku hiyohiyo. Na kila monita inayofunguliwa upya inamrudisha fundi kwenye hatari ya hizo volti 322, ambazo hubaki hata waya ukichomolewa mpaka azimalize kwa rezista (kipinga umeme). Hili linatuudhi kuliko hasara ya fedha.

Tunaomba mrudishe fedha za kapasita zote 100, mlipe ufundi wa monita 11 zilizorudi na 7 tunazoziita zirudishwe kabla hazijazima, na muondoe shehena hiyo rafuni. Kapasita 64 zilizobaki, ikiwemo ile iliyokatwa, zipo, njooni mzipime kwa mita yenu wenyewe. Siku 14 zikipita bila jibu la maandishi, tutazipeleka Tume ya Ushindani kama bidhaa bandia.

Nakala ya risiti na picha za vipimo zimeambatishwa.

Wenu,
Mafundi wa karakana