Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mwaka 2025: CHAN imepita, sasa tujipange kwa AFCON

Ndugu wanachama, mlioko chuo, mlioko fildi (mafunzo kwa vitendo) na kaka na dada zetu mliomaliza ila bado mnachangia chama, Assalam alaikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe. Hii ni taarifa yangu ya mwaka kabla ya mkutano mkuu. Nimeona niitume mapema kila mtu aisome kwa nafasi yake, maana kwenye mkutano mda huwa hautoshi na ningependa tukifika pale tujadili, siyo mimi kusoma makaratasi saa nzima.

Mambo mengine ya mwaka huu nitayapitia haraka, uzito wote nauweka kwenye CHAN, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, kwa sababu ndio kazi kubwa kuliko zote ambazo wanachama wetu wamewahi kufanya, na kwa sababu kuna jambo moja tusipolikamata sasa hivi litatuumiza tena kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON 2027. Jambo lenyewe ni hili: mwanachama wetu asiingie uwanjani tena bila karatasi iliyosainiwa inayosema kama anajitolea au anafanya kibarua, anapata nini, na anarudije nyumbani.

Nianze na ratiba. Mtakumbuka CHAN ilikuwa ipigwe Februari, na mwezi Januari CAF, shirikisho la soka Afrika, wakaisogeza hadi Agosti, ikachezwa tarehe 2 hadi 30 kwa sisi, Kenya na Uganda kwa pamoja. Wengi tulinung'unika wakati ule, ila kwa mwanafunzi lilikuwa na mazuri yake na mabaya yake. Februari semista inakuwa imekolea, madarasa, test, asaimenti, ungepata watu wachache sana wa kukaa uwanjani jioni. Agosti vipindi hakuna lakini watu wako fildi, hosteli nyingi zinakuwa zimefungwa na boom (hela ya mkopo ya kujikimu) hakuna, yaani mtu anakubali kujitolea wakati ndio mfuko wake mtupu kuliko miezi yote ya mwaka. Naomba hilo tulielewe vizuri kabla hatujaanza kusema fulani alikuwa na tamaa ya hela. Mtu ambaye nauli ya kwenda Temeke na kurudi anaitoa kwenye hela ya kula hana tamaa, ana njaa.

Pamoja na hayo mmefanya kazi jamani. Ufunguzi tarehe 2 Agosti uwanja wa Mkapa, Dar, Taifa Stars na Burkina Faso, tukashinda 2-0, na nyie mlikuwa mageti, kwenye majukwaa, kwenye meza za kutoa beji, jukwaa la waandishi, chumba cha huduma ya kwanza. Uwanja ule unaingiza watu 60,000 na anayewapokea wote wale ni binti au kijana wa mwaka wa pili amevaa fulana ya kujitolea, anaulizwa choo kiko wapi, geti langu lipi, mtoto wangu kapotea, simu imezima na tiketi iko kwenye simu. Wapo waliokaa kwenye kona ambayo mpira hauonekani kabisa, mechi zote nne za makundi wamezisikia kwa kelele za watu tuu. Bao la Kapombe na Mauritania dakika za mwisho kabisa, mabao mawili ya Mzize na Madagascar, wao wamekuja kuyaona usiku kwenye simu. Nawashukuru hao kwanza kabla ya wengine wote.

Kuna mwenzetu anayesoma udaktari alipangwa kusindikiza wachezaji wanaochaguliwa kupimwa dawa zilizokatazwa, hii kazi wengi hamkujua hata kama ipo. Filimbi ikilia unamfuata mchezaji uliyepangiwa, unamjulisha kachaguliwa, halafu humuachi machoni hata sekunde moja mpaka afike chumba cha vipimo, awe kashinda awe kafungwa, awe analia. Inataka nidhamu na heshima kwa pamoja, na mwenzetu alisifiwa sana. Nataka chama tutafute mafunzo ya kazi za aina hii, maana kushika utepe getini anaweza yeyote ila hizi zinataka mtu aliyefundishwa na ndizo zinazobaki kwenye CV miaka na miaka.

Alafu lugha. Angalieni kundi letu B lilivyokaa: Burkina Faso, Mauritania, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Madagascar. Timu zote nne za wageni unaelewana nao kwa Kifaransa! Wale wenzetu wanaosoma Kifaransa, ambao kila wakienda likizo mashangazi wanawauliza utakula nini na hiyo lugha, ndio walikuwa wanatafutwa kila kona kuanzia uwanja wa ndege, hotelini, uwanja wa mazoezi mpaka hospitali. Zanzibar pale uwanja wa Amaan ikawa Senegal na Congo kwa Kifaransa, Nigeria kwa Kiingereza na Sudan kwa Kiarabu, na vijana wa Unguja waliopita madrasa na kuendelea na Kiarabu chuoni wakafanya kazi nzuri mno na Wasudani. Timu ambayo nchi yake iko vitani tangu Aprili 2023 na haichezi nyumbani, wakaja wakampiga Nigeria 4-0, wakamtoa Algeria kwa penati, wakafika nusu fainali. Wenzetu wa kule wananiambia wachezaji walikuwa wakisikia kijana wa Kizanzibari anawasalimia kwa Kiarabu wanatulia kabisa, wanauliza na habari nyingine zisizohusu mpira. Mimi naona hii ndio thamani ya kumtumia mwanafunzi kwenye mashindano kama haya, mlinzi wa kampuni hawezi kukupa hiyo.

Sasa nije kwenye lile linaloniuma. Wanachama wetu waliingia CHAN kwa milango miwili. Wa kwanza ni wa kujitolea, unajua mapema hakuna mshahara, utapata fulana, beji, chakula ukiwa zamu, na cheti. Wa pili ni deiwaka kwa wakandarasi, kupanga viti, usafi, kuuza maji na vitafunwa, kubeba vifaa vya matangazo, na hapo mliahidiwa malipo kwa siku. Mlango wa kwanza kwa ujumla ulienda vizuri. Wa pili kuna mkandarasi mmoja aliwachukua watu kwa maneno ya WhatsApp tuu, hakuna mkataba hata wa nusu ukurasa, na mashindano yalivyoisha watu walipodai hela wakaambiwa wao walikuwa "wanajitolea". Watu wamebeba makreti mpaka saa 5 usiku leo wanaambiwa walikuja kwa mapenzi ya mpira! Sitamtaja jina hapa kwa sababu mazungumzo bado yanaendelea na baadhi wameshalipwa sehemu, ila kamati haijaliacha na haitaliacha mpaka wa mwisho alipwe.

Tusichanganye mambo mawili haya. Kujitolea ni heshima na duniani kote mashindano makubwa yanaenda hivyo, London 2012 walikuwa na watu wa kujitolea 70,000 na Paris 2024 walikuwa 45,000, na hakuna aliyelipwa mshahara. Lakini walipewa sare, chakula cha zamu na usafiri wa ndani ya mji. Yaani anayejitolea anatoa mda wake na nguvu zake, hatoi na hela yake juu. Na kibarua ni kibarua, kina sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku, ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo upewe mapumziko ya dakika 60, na kazi ya usiku ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Na usiku kwa sheria hiyo unaanza saa 2, muda uleule mechi za Stars zilikuwa zinaanza! Bingwa wa CHAN safari hii kachukua dola milioni 3.5, kwa hiyo hela kwenye mashindano haya ipo, isiwe inaishia kabla ya kumfikia aliyepanga viti.

Na usafiri wa usiku, hapa dada zetu ndio walioumia zaidi. Tarehe 22 Agosti, robo fainali na Morocco, Lamlioui katufunga kipindi cha pili, 1-0, watu wametoka wana huzuni na hasira, barabara ya Kilwa imejaa, daladala zinagombewa, na mtu wa kujitolea haondoki na mashabiki, anaondoka wa mwisho baada ya kukusanya vizuizi na kurudisha vifaa. Wa chuo cha DUCE pale Chang'ombe anatembea kafika. Anayekaa Kimara, Mbezi au Bunju anafanyaje saa 5 na nusu usiku? Bodaboda peke yako mpaka Bunju si salama na bei yake mwanafunzi haiwezi. Kuna siku wenzetu waligawana bajaji kwa makundi, kuna siku walilala kwenye mageto (vyumba vya kupanga) ya wenzao Temeke, na nawashukuru sana waliofungua milango yao. Lakini huwezi kuendesha mashindano ya kimataifa kwa hisani ya geto la mtu. Msimamo wa kamati ni kwamba mechi ya usiku bila basi la kuwarudisha watu, chama hakipeleki mtu.

Fildi nayo. Walikuwepo waliokuwa na msimamizi muelewa akawapa ruhusa siku za mechi, na wapo waliokataliwa, wengine ikabidi wachague kati ya logbuku ya fildi na beji ya CHAN. Tumeanza kuongea na idara mbili tatu za vyuo ili kazi kama ile ihesabiwe kama sehemu ya mafunzo kwa vitendo, kwa wanaosoma utalii, mawasiliano, michezo, afya, lugha, uhasibu pia kwa nini isiwe. Majibu si mabaya, wanataka andiko, katibu anaandika.

Tumeongea pia na wenzetu wanafunzi wa Nairobi. Wao uwanja wa Kasarani walikumbana na kitu kizito, mashabiki wakavamia mageti mpaka CAF ikapiga faini na kupunguza tiketi za mechi ya Kenya na Zambia zikawa 27,000. Aliyekuwa amesimama kwenye yale mageti siku zile ni mwanafunzi mwenzetu na kamba ya plastiki mkononi. Wanasema walipewa mafunzo ya kusalimia wageni, ya nini ufanye watu elfu moja wakikusukuma hawakupewa. Naomba tulichukulie kwa uzito. Kabla ya AFCON nataka kila atakayekaa getini awe amefundishwa huduma ya kwanza na namna ya kuokoa watu kwenye msongamano, na ajue ni wakati gani anatakiwa kuachia geti na kujiokoa mwenyewe.

AFCON yenyewe ratiba ya CAF inasema Juni na Julai 2027, nchi zetu tatu tena, na Arusha inaongezeka na uwanja mpya. Shikeni kalenda: huo ndio msimu wa UE (mitihani ya mwisho wa semista) kwa vyuo vingi. CHAN tuligombana na fildi, AFCON tutagombana na mitihani, na hili haliwezi kutatuliwa Mei 2027, linatakiwa liingie kwenye kalenda za vyuo zinazopangwa kuanzia mwakani. Barua za kuomba hilo ziko tayari, zinasubiri baraka za mkutano. Matawi ya Arusha na Zanzibar yachague wawakilishi wao kabisa, isiwe kila kitu kinaamuliwa Dar.

Mengine ya mwaka: usafi wa ufukwe na damu salama tulifanya kama miaka yote, bonanza la wapya halikufanyika kwa sababu ya fedha, hesabu kamili mweka hazina atasoma mwenyewe na mkaguzi yupo. Ada wengi hamjalipa, naomba mlipe.

Mkutano mkuu utapigia kura mambo mawili: fomu ya makubaliano ambayo kila mwanachama atasaini na anayemchukua kabla ya zamu ya kwanza, rasimu imeshawekwa kwenye grupu, na kuundwa kwa kamati ndogo ya AFCON yenye angalau dada watatu. Wanaodai malipo ya CHAN wamtumie katibu jina, tarehe mlizofanya kazi na skrinshoti za meseji mlizoahidiwa, msifute chochote kwenye simu zenu. Ijumaa ijayo tunaonana tena na yule mkandarasi na nataka niende nikiwa na orodha iliyokamilika.