Kanda Isiyo na Jina

Mwanangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Babako hajambo, presha imeshuka, na yule paka wako amezaa tena chini ya ngazi. Mengine ya mji utayasikia. Nataka nikujibu lile uliloniuliza kwenye simu nikakukata kwa neno moja, maana babako alikuwa amekaa pale pale.

Uliniuliza kwa nini sikuzipeleka kanda za video kwa kijana wa studio zikahamishiwa kwenye diski kwa siku mbili, nikajipumzisha na mitambo ya kizamani. Pesa sikukosa. Lakini fikiri mna nini ndani ya kanda zile. Ziko kumi na nne, na tisa ni za kupamba, ile sherehe ya wanawake ya kumpamba bibi harusi. Wanawake wameacha mabuibui mlangoni, nywele wazi, mikono wazi, wamevaa dhahabu zao na za kuazima, wanacheza vugo, ngoma ya harusi ya wanawake, hadi jasho linawatoka. Walikubali kupigwa kwa sababu aliyeshika kamera alikuwa mwanamke mwenzao, na kwa sababu waliambiwa kanda itakaa kwa mwenye harusi. Wengi wao wamelala makaburini Kikowani sasa. Siwezi kwenda kuwaomba ruhusa nyingine.

Na kanda haihamishwi na mtu aliyefumba macho. Saa tatu za kanda ni saa tatu za kukaa, hakuna njia ya mkato. Lazima mtu aangalie picha isitetemeke, sauti isikatike. Huyo mtu angekuwa nani, kijana wa watu na rafiki zake watatu wanaongoja chai? Ndipo nikanunua rekoda ya DVD, ya mkono wa pili, kwa mtu anayeleta vitu kutoka Dubai. Ukiiona utadhani ni ile ya kutazamia filamu, ila ina kitufe chekundu.

Deki, mashine ya kuchezea kanda, ni ile ile ya zamani. Fundi wa Makadara aliibadilisha mpira, akaisafisha hedi, kile kichwa kinachosoma mkanda, akaniambia niitumie kwa adabu. Kampuni ya mwisho iliyokuwa ikitengeneza deki hizi, Funai ya Japani, iliacha mwezi wa Julai 2016, kwa hiyo hii ikifa tutaokota vipuri kwenye maiti za nyingine. Ndiyo sababu sikungoja mpaka uje likizo.

Kuunganisha si kazi. Waya wa njano ni wa picha, mweupe na mwekundu ni wa sauti; unatoka deki unaingia rekoda. Deki yetu ina tundu moja tu la sauti, basi mara ya kwanza nilirekodi nusu saa nzima ikisikika upande mmoja, kama mtu aliyezibwa sikio. Fundi akanipa kiwaya chenye mkia mmoja na vichwa viwili, mambo yakakaa sawa.

Kilichonitesa ni koga. Unaujua unyevu wa nyumba yetu, hata viatu vya ngozi vinaota kwenye kabati. Kanda tatu, ukizichungulia kwenye kidirisha, zilikuwa na unga mweupe kwenye kingo kama sukari ya visheti. Kanda ya namna hiyo usiitie kwenye deki. Koga itabaki kwenye hedi na itaihamia kanda utakayoitia baadaye. Nilizipandisha juu kwenye dari, nikajifunga leso puani, nikafungua skrubu tano za kila moja. Kisha nikazungusha magurudumu kwa kidole, pole pole, huku mkanda ukipita kwenye kitambaa laini chenye spiriti ya duka la dawa. Kanda ya saa tatu ina mkanda wa zaidi ya mita 250, na kila mita nimeigusa kwa mkono huu. Moja ilinichukua tangu baada ya alfajiri hadi adhuhuri. Jua likifika nilikuwa nasogea kivulini, maana joto linaupinda mkanda, na ukipinda hakuna dawa.

Halafu kuna suala la ubora, ambalo nililijua kwa kuchoma diski. Diski moja inabeba saa moja, mbili, nne au sita, kwa jinsi utakavyoiamuru rekoda. Mimi na ubahili wangu nikaona, kwa nini saa tatu zikae kwenye diski mbili? Nikaweka saa nne. Watu waliokaa walitoka vizuri kabisa. Lakini vugo lilipoanza na wanawake wakayumba pamoja, picha ilimeguka vipande vipande kama vigae vya sakafu, maua ya leso yakawa matope. Mashine inaposukumwa ibane vitu vingi mahali padogo, kinachoumia kwanza ni kile kinachotembea. Nikarudia zote kwa saa mbili mbili. Kwa hiyo usishangae kuona furushi limekuwa kubwa.

Ilinichekesha siku moja. Kanda ya harusi ya binamu yako picha ikaanza kuruka, na rekoda ikasimama yenyewe, ikaandika kwamba kanda imelindwa, hairuhusiwi kunakiliwa. Nikaiambia kweli imelindwa, lakini si na wewe. Kumbe makampuni ya filamu yalikuwa yakitia alama fulani ndani ya picha ili watu wasinakili, na rekoda imefundishwa kuitambua. Kanda kuukuu ikiyumba sana, mashine inadhani imeiona alama hiyo. Niliipeleka kanda hadi mwisho na kuirudisha mwanzo bila kuicheza ili ilegee, nikasafisha hedi tena, nikazungusha kile kidude cha kutuliza picha, ikakubali. Stima ikipotea katikati ndiyo msiba wenyewe. Diski mbili zimekufa hivyo. Siku hizi naanza kwa diski ya kufutika, nikiridhika ndipo natumia ile ya kudumu.

Sasa nakuja kwenye ile isiyo na jina.

Harusi ya halati yako, ndugu yangu, ilikuwa mwaka 1989. Deki katika ukoo mzima ilikuwa kwetu tu, kwa hiyo kanda ya kupamba ikaletwa kwetu. Bibi yako aliniusia nisiandike kitu juu yake. Ukiiandika jina, alisema, umemwonyesha mwanaume pa kutazama. Nikaiweka nyuma ya nyingine, nyeusi tupu, haina karatasi. Jambo moja sikulijua. Mgongoni mwa kanda mna kijipande cha plastiki, na ukikivunja deki haiwezi kurekodi juu yake tena. Sikukivunja.

Tarehe 1 Julai 1990 ilikuwa robo fainali ya Kombe la Dunia, Kameruni na Uingereza, kule Napoli. Mji mzima ulikuwa Kameruni. Babako alikuwa zamu ya usiku bandarini na mpira ulianza saa nne. Akatafuta kanda tupu, akaiona moja isiyo na jina. Akaitia, akaitegesha deki ianze saa nne na ijizime saa sita, akaenda zake kazini.

Alfajiri aliporudi aliketi kuangalia peke yake. Mimi nilikuwa jikoni nachoma maandazi, naisikia televisheni. Uingereza wakafunga, Kunde akarudisha kwa penalti, Ekeke akaongeza, nikamsikia babako anajipiga kofi gotini. Lineker akasawazisha kwa penalti. Wakaingia muda wa nyongeza, na hapo saa sita ikawa imefika. Mpira ukakatika. Nikasikia vigelegele, lakini si vya Napoli.

Nilishika mlango nikaogopa kuingia. Sauti ikazimwa papo hapo. Babako akaja jikoni ameishika kanda kwa mikono miwili kama mtu aliyevunja sahani ya watu, macho yako chini. Akaniambia, "Hii naona ni yenu." Hakusema alichoona, nami sikumuuliza, kwa kuwa nilijua ameona kiasi cha kujua ageuze uso. Nilimnunia wiki nzima. Saa mbili za mwanzo zilikuwa zimekwenda: vugo lote, wageni wote, na bibi yako akiimba peke yake. Deki ikirekodi inafuta kilicho chini, hakuna fundi wa kukifufua. Tangu siku ile hakuwahi kuuliza mpira wake umekwenda wapi, na yeye ndiye aliyeupenda kuliko watu wote wa mtaa huu.

Kilichosalia ni dakika hamsini na nane, na bahati yetu ni kwamba bibi harusi hutolewa usiku umeshakuwa mkubwa. Basi halati yako yumo. Anaingia kichwa chini, hatua za pole pole, na mbele yake bibi yako na chetezo cha udi, moshi unapita mbele ya ile taa kali ya kamera. Bibi yako anasimama, anamwekea bintiye kikuba cha maua sawa begani, kisha anaikuta kamera inamtazama. Anapunga mkono kama anayefukuza kuku: "Usinipige mimi, mpige huyu." Sekunde ngapi hizo? Kumi na mbili, nimezihesabu. Sikuwa nimeisikia sauti yake tangu tulipomzika. Nilisimamisha deki, nikaenda kunawa uso, nikarudi nikaendelea.

Najua ni sekunde hizo unazozitaka kwenye simu. Nyuma ya bibi yako, mkono wa kushoto, kuna mwanamke anajifunika uso kwa leso kila taa inapomwangukia. Sijui kama uliwahi kumjua. Alikuwa hataki, na anaonekana wazi kuwa hataki. Mtume bibi yako kwenye kundi la familia na umemtuma na yeye, na humo kuna wajomba, wakwe, na watoto ambao simu zao zinapita mikononi mwa dunia nzima. Sauti peke yake nitakutolea. Fundi amenionyesha jinsi ya kuchomoa waya wa njano nikabakisha sauti. Ile utume upendavyo.

Diski zenyewe nimezifunga. Maana yake, rekoda ikishamaliza kurekodi lazima uiamuru ikamilishe diski, la sivyo itachezeka hapa kwetu tu na kwingine itakataliwa kana kwamba ni tupu. Inachukua dakika chache na wengi wanaisahau. Usizibandike karatasi, zikizunguka zinayumba. Nimeandika kwa kalamu ya wino wa maji, upande wa juu, nambari tu bila majina. Orodha ya nambari ninayo mimi na halati yako. Ziweke wima ndani ya vifuko vyake mbali na dirisha, maana hizi za kurekodia nyumbani zina rangi ndani inayofifia kwa mwanga. Laptopu yako haina pa kutia diski, basi nunua kile kisanduku cha nje. Yanakili mafaili yote kwenye diski ngumu (hard disk) usiyoiunganisha na intaneti, na kila baada ya miaka michache uyahamishe tena kwenye kitu kipya. Ukiulizwa na kompyuta kama unataka kuhifadhi mawinguni, ikatalie. Kanda za asili nazo sitazitupa, hata babako akilalamikia kabati.

Siku yako ikifika, inshallah, tutaionyesha ukumbini, wanawake peke yao, simu zote kwenye kapu mlangoni. Atakayemwona nyanyake au mamake humo apige vigelegele.

Babako naye nimemfanyia ya kwake. Nilingoja siku aliyokwenda kucheza bao, nikarekodi kuanzia mwanzo wa mpira, kidole juu ya rimoti, nikaikata sekunde ishirini kabla ya saa mbili kutimia. Nilirudia mara tatu mpaka nikawa na hakika hakuna hata kigelegele kimoja kilichopenya. Jioni nikamtilia bila kusema. Ameangalia yote hajaondoka, chai imepoa. Ilipokatika, mbili kwa mbili, akaangalia skrini nyeusi kidogo, akaniuliza, "Na ile iliyobaki?"

Nikamwambia iko kwa mwenyewe. Akaitikia kwa kichwa, akataka nirudishe pale Ekeke anapofunga.

Mzigo wako anao halati yako, ameufunga ndani ya leso na anapanda treni ya Jumamosi asubuhi. Nenda kampokee Syokimau wewe mwenyewe, usitume mtu.

Mamako