Muhuri wa mtaa unajibu kwa nani?

Mhariri, shikamoo kama umenizidi, kama hujanizidi basi habari za kazi.

Nimekuwa nasoma barua za wasomaji wenzangu kuhusu mfumo gani wa utawala unatufaa, mmoja anataka serikali za majimbo, mwingine anasema rais apunguziwe madaraka, mwingine anadai kabisa kwamba sisi tunahitaji mtu mkali atoe amri watu watii, yaani kila mtu macho yako Ikulu. Sawa, ila mi naona tunairuka ngazi ya chini kabisa, ya mtaa na kijiji, na huko ndiko mtu wa kawaida anakutana na serikali uso kwa uso. Ikulu wengi wetu tunaionaga kwenye runinga tu.

Juzi kati niliuza kipande cha kiwanja. Mteja tumeelewana, mashahidi wapo, tukaenda ofisi ya mtaa kuandikishana. Mwenyekiti akatukaribisha vizuri tu, akautoa muhuri kwenye droo, akauweka mezani, akawa haugusi. Akasema utaratibu wa hapa ni asilimia kumi ya bei. Nikamuuliza mzee hiyo asilimia kumi iko kwenye sheria gani, akacheka, akaniambia "mwanangu, mimi mshahara sina, posho yenyewe inakuja ikijisikia, huu wino nanunua mwenyewe." Risiti? Thubutu. Tukabembelezana mpaka tukafika pa kufika na muhuri ukagongwa. Viongozi wameshaikemea hiyo asilimia kumi majukwaani mara kibao na bado ipo, na haitaondoka kwa kukemewa, maana mmemchagua mtu kwa kura, mkampa muhuri, halafu hamjampa mshahara wala bajeti, mnategemea ale nini?

Hili halijaanza jana. Vijana wengi ukiwaambia kwamba kuna kipindi Tanzania serikali za mitaa zilifutwa kabisa wanaona unawapiga kamba, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1972 ukaja mpango unaitwa Madaraka Mikoani, jina tamu kweli, ushauri wake ulitoka kwa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey, na kilichofanyika ni kwamba mabaraza ya madiwani waliochaguliwa yalivunjwa na kazi zao wakapewa maofisa wa serikali kuu waliopelekwa mikoani na wilayani. Kwa hiyo madaraka yalienda mikoani kweli, ila yalisafiri na wenyewe. Mwaka 1976 wakafuata vyama vya ushirika, navyo vikafutwa, pamba na kahawa na korosho zikawa za mamlaka za mazao. Sisemi vyama vile vilikuwa vya malaika, wizi ulikuwepo na wakulima walilalamika sana tu, lakini angalau yule katibu mwizi ulikuwa unajua kwao wapi na mkutano mkuu ukifika mnamshika shati. Mamlaka ikikucheleweshea hela ya pamba unamshika nani shati?

Huduma zikazorota mpaka 1978 ikabidi halmashauri za miji zianze kurudishwa, halafu zikatungwa sheria za 1982 za serikali za mitaa na ya ushirika, halmashauri zikaanza kazi upya 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe mwaka huo huo 1984 alisema kwenye mahojiano kwamba angepewa nafasi aanze upya, kufuta serikali za mitaa na kuvunja ushirika ni mambo asingeyarudia. Alisema walikosa subira. Namheshimu sana kwa hilo, viongozi wa kusema hivyo wakiwa bado wako kwenye kiti ni wachache.

Sasa kuna jamaa zangu wananiambia aah, tatizo lilikuwa chama kimoja. Sehemu ni kweli. Lakini vyama vingi tunavyo tangu 1992 na ile tabia ya kuvuta kila kitu juu haijaisha, tena naona inarudi kwa mlango wa nyuma. Kodi ya majengo ilikuwa chanzo kikubwa cha halmashauri, 2016 ikahamishiwa TRA, mamlaka ya mapato ya serikali kuu, na 2021 ikawekwa kwenye LUKU, yaani ule umeme wa kulipia kabla. (Hapo kuna kituko kingine, mpangaji ananunua umeme wake na humo humo anakatwa kodi ya nyumba ya mwenye nyumba, eti wakaelewane wenyewe. Wangapi wameelewana?) Barabara za wilaya zikaenda TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, 2017, maji ya vijijini yakaenda RUWASA, wakala wa maji vijijini, 2019. Sikatai, kuna sehemu barabara zimekuwa nzuri kuliko enzi za halmashauri, mainjinia wamekusanywa pamoja na kazi inaonekana. Ila diwani unayempigia kura kwa ahadi ya barabara na maji, vyote viwili haviko mikononi mwake. Anakwenda kuomba kama mimi na wewe, tofauti yake ana kitambulisho.

Halafu mkurugenzi wa halmashauri, anayeshika bajeti na kusaini malipo, anateuliwa na rais. Mkuu wa wilaya anateuliwa. Mkuu wa mkoa anateuliwa. Baraza la madiwani likigombana na mkurugenzi, yeye anaangalia aliyemteua anasemaje, na mimi simlaumu, hata ningekuwa mimi ningeangalia huko huko. Na kule chini tulikobakiziwa kura, uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 chama tawala CCM kikachukua zaidi ya asilimia 98 ya wenyeviti, upinzani wakilalamika wagombea wao wameenguliwa. Ukishaona kiti umekipata kwa fomu ya mwenzako kukataliwa, habari ya kuwasomea watu mapato na matumizi kila miezi mitatu inakuhusu nini?

Wenzetu Kenya walijaribu njia nyingine. Katiba yao ya 2010 ilileta kaunti 47, zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa 2013, na imeandikwa kabisa kwamba kaunti zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Siyo peponi huko, msinielewe vibaya. Hela kutoka hazina zinachelewa, madaktari wanagoma, na kuna magavana wanatembea na misafara kama marais wadogo. Lakini mwaka 2020 peke yake waliondoshwa magavana wawili, Waititu wa Kiambu na Sonko wa Nairobi, bunge la kaunti likaanza na seneti ikamalizia. Kwetu mkuu wa mkoa akiboronga wananchi wanasubiri taarifa ya Ikulu saa mbili usiku.

Kwa hiyo kwenye hizi kelele za katiba mpya mi naomba vitu vichache, mwenyekiti wa mtaa na kijiji alipwe mshahara unaoeleweka na akikamatwa na asilimia kumi afukuzwe, kodi ya majengo irudi halmashauri, na nafasi ya mkurugenzi itangazwe, watu waombe, wasailiwe na baraza ndilo liajiri na baraza ndilo lifukuze. Katiba ya sasa ibara ya 145 na 146 zinaongelea serikali za mitaa, na ya 146 inasema wazi lengo ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Ziko huko mwishoni mwishoni, wachambuzi wengi wakimaliza ibara za rais wanafunga kitabu. Mhariri, kama una mwandishi mwanasheria mwambie atuandikie ukurasa mzima kuhusu hizo mbili tu, na aanze na hiyo ya mkurugenzi, nani anamfukuza.

Msomaji wako wa siku zote,
Mwanza