Jina la Diego Garcia lina utata, andikeni hivyo

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Tangu Uingereza na Mauritius wasaini Mei 2025 ule mkataba wa kuirudishia Mauritius visiwa vya Chagos kule Bahari ya Hindi, kila habari nayosoma inasema kisiwa cha Diego Garcia, kimojawapo cha hivyo, kimepewa jina la baharia Mhispania aliyekigundua, basi, imeisha hiyo. Jamani, hilo halina uhakika!

Huyo Diego García de Moguer alikuwepo kweli, na karne ya 16 alifika mpaka Rio de la Plata kule Amerika Kusini, ila kwamba yeye ndo alikiachia kisiwa jina lake hakuna aliyethibitisha. Wapo wanaosema asili yake ni maneno ya Kilatini Deo gratias, yaani Mungu ashukuriwe, mchora ramani mmoja akayasoma vibaya na wenzake wakanakili hivyo hivyo, na mi naona inawezekana kabisa maana wengi wa hao wachoraji walikaa Ulaya wakinakili kazi za wenzao, bahari yenyewe hawajaiona. Tena kuna ramani za zamani zimeandika Don Garcia, si Diego.

Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba mabaharia waliopita tu wanatajwa kila siku, walioishi pale hawatajwi. Mwishoni mwa karne ya 18 Wafaransa walipeleka watumwa wakalime minazi na wengi walitolewa Msumbiji na Madagaska, sasa hao si watu wetu wa ukanda huu huu? Wakazaa, wakajukuu, wakawa na lugha yao ya Kikrioli, halafu kati ya 1968 na 1973 Uingereza ikawaondoa wote visiwani, ikawabwaga Mauritius na Shelisheli ili Wamarekani wapate kambi ya jeshi. Hata mbwa wao waliuliwa kwa gesi. Mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikatoa maoni kwamba Uingereza iache kuvitawala visiwa vile haraka iwezekanavyo.

Kwa hiyo ombi langu mhariri, mkiandika tena semeni wazi kwamba asili ya jina haijathibitishwa. Na kama uwezo upo mtumeni mwandishi Port Louis, mji mkuu wa Mauritius, akakae na wazee waliozaliwa Chagos, bado wapo, awaulize wao na mabibi zao walikuwa wanakiitaje kile kisiwa, kila ghuba na kila shamba la minazi, ayaandike yote na majina yao juu.

Msomaji wenu,
Tanga